Habari Iliyokuja kwa Miguu



Juma lililopita mwanafunzi wangu mmoja aliinua mkono, akaniuliza kwa adabu: "Mwalimu, je, zamani watu waliishije bila simu?" Darasa zima likacheka. Mimi nami nikacheka, walakini swali lile halikuniacha. Nilitoka nalo shuleni, nikapanda nalo kilima cha kwetu hapa Butembo, na hata sasa niandikapo maneno haya liko mezani pamoja nami.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa kwenda kwa miguu. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54 hivi. Yeye aliondoka kabla ya jogoo kuwika, akalala njiani kwa jamaa, akafika kesho yake. Basi na habari aliyoichukua ililala njiani pamoja naye. Ilipofika ilikuwa imechoka, nayo haikupokewa mara moja. Aliketishwa katika kyaghanda, yaani kibanda cha wazee wetu Wanande chenye moto katikati, akapewa maji, kisha maswali yakaanza: "Umeona mwenyewe, au umesikia? Umesikia kwa nani? Mtu huyo ni wa ukoo gani?" Nilipokuwa mtoto niliona maswali haya ni uchovu mtupu. Nilitaka habari, wao walitaka mwenye habari.

Msinidhanie kuwa mtu wa kulaani mashine. Wanaosifu maisha ya kale mara nyingi ni wanaume ambao hawakupata kutwanga muhogo. Mama yangu alitwanga, na siku mashine ya kusaga ilipokuja karibu na kwetu hakusikitika hata kidogo. Alisema mabega yake yamepata likizo. Tena M-Pesa ilipoingia Kongo mwaka 2012, tuliacha kushona noti ndani ya pindo la suruali kila tulipopanda gari. Na tangu mauaji yalipoanza kuzunguka Beni mnamo Oktoba 2014, ni nani kwetu aondokaye bila kupiga simu kwanza, aulize kama njia ni salama? Wengi wako hai leo kwa sababu ya simu moja ya asubuhi. Nami ni mmoja wao, pengine mara mbili.

Walakini niliahidi moyoni kwamba safari hii nitasema na lile jingine.

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Mangina, karibu na Beni. Ugonjwa ule ulikaa nasi hata tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 walihesabiwa kuwa wagonjwa, nao 2,287 wakafa. Siku zile niliona vyombo vya kila namna. Kimoja kilikuwa ndoo ya plastiki yenye bomba ndogo, iliyosimama mbele ya kila duka na kila kanisa. Chombo cha bei ndogo kisichohitaji fundi. Kingine kilikuwa chanjo, ambayo hutunzwa katika baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Tazameni jambo la ajabu! Katika mji wetu, ambapo wengi twamulika nyumba kwa kibao cha jua na kununua barafu kama anasa, baridi kali namna ile ilibebwa hata vijijini, na watu zaidi ya 300,000 wakachanjwa.

Chombo cha tatu kilikuwa mfukoni mwangu.

Jioni moja, mwanzoni mwa mwaka 2019, nilikuwa ninakula maharagwe simu ilipolia. Ilikuwa sauti ya mtu aliyejiita daktari, akionya kwamba chanjo ile ndiyo iletayo ugonjwa. Alisema kwa Kifaransa safi kisha kwa Kiswahili, na mimi, mtu wa seminari, Kifaransa safi hunilegeza. Sikuamini yote. Wala sikukataa yote. Mkumbuke hali ya siku zile: uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 ulikuwa umeahirishwa kwetu, Beni na Butembo, kwa sababu ya Ebola na ya usalama, hali masoko na makanisa yako wazi. Watu walikuwa na uchungu wa haki, na mwenye uchungu husikia upesi. Basi nikaipeleka sauti ile kwa watu wa kundi letu la mtaa, nikaandika chini yake: "Mwaonaje?" Kidole kimoja tu, na mkono wa pili ukiwa bado na kijiko.

Mama mmoja jirani yetu, mchuuzi wa maharagwe sokoni, alifiwa na wifi yake kwa ugonjwa huo siku chache baadaye. Naye alikuwa amemhudumia. Wachanjaji wakaja nyumbani kwake, naye akawakatalia mlangoni. Sababu yake niliisikia kwa masikio yangu kupitia ua: "Hata Mwalimu ametuletea sauti ya daktari akikataza."

Nilikwenda jioni ile ile. Nilimweleza kwamba mimi nilikuwa nimeuliza tu, sikukataza. Akanitazama kwa utulivu, akasema: "Mwalimu, juzi ulituletea lile, leo waleta hili. Nikuamini yupi?" Sikupata jibu. Hata leo sijalipata lililo zuri.

Kwa siku 21 wapimaji walikuja kumpima joto. Nami kwa siku 21 nilisimama nyuma ya ua kila asubuhi kabla ya kwenda shule, nikingoja kusikia sauti yake akiwaita watoto. Katika mwezi wa Februari ule ule vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kamerun aliyekuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi hospitalini mjini mwetu. Sisemi kwamba sauti niliyoipeleka ilifyatua bunduki. Nasema tu kwamba nilipoisikia habari ile niliitafuta sauti ile katika simu, ili niifute, nikakuta imekwisha kupelekwa na watu wengi kuliko ningeweza kuwahesabu, wengine wao wanafunzi wangu.

Yule mama hakuugua. Siku ya 22 alikuja kwangu na bakuli la maharagwe, kama tufanyavyo tunapomaliza jambo zito.

"Mwalimu, yule daktari wa kwenye simu, ulikuwa unamjua?"

"La, simjui."

"Hata jina lake?"

"Hata jina."

"Na aliyekuletea sauti yake, yeye alimjua?"

"Sikumwuliza."

Akaliweka bakuli mezani, akaenda zake sokoni. Hajalitaja tena jambo hilo. Ila tangu siku ile, nimpapo habari yoyote, hata ya mvua, huacha kwanza kazi aliyo nayo, akaniuliza kama nimeona au nimesikia.

Yule mwanafunzi nimemwahidi jibu Jumatatu. Nadhani nitaanza na maharagwe.