Kisukari na mshipa wa shingo

Huulizwa iwapo mwenye kisukari anafaa kupasuliwa ateri ya karotidi, mshipa wa shingoni upelekao damu ubongoni. Anafaa. Mafuta yakigandamana humo, kipande huweza kumeguka na kuleta kiharusi. Daktari huufungua mshipa akayaondoa. Utafiti wa Marekani na Kanada wa mwaka 1991 ulidhihirisha faida kubwa kwa wenye dalili ambao mshipa wao umezibana kwa asilimia 70 au zaidi.

Ila mwenye kisukari huingia na hatari zaidi ya kiharusi, mshtuko wa moyo, hata mauti, kwani sukari huwa imekwishaharibu mishipa mingine, pengine bila maumivu yoyote. Basi tusimfiche daktari dawa anazotumia mzee wetu, wala tusizikatishe kwa shauri letu wenyewe.