Mama, leo uko ao hauko?



Mwezi huu tunaongea juu ya kupokea wageni nyumbani. Wengi wetu tukisikia neno hili tunawaza kuku, mchele na kitambaa kizuri juu ya meza. Mimi nikilisikia ninawaza mlango, na mtoto mdogo aliyesimama pale. Mniruhusu niwaeleze, hata kama inaniletea haya.

Ilikuwa mwaka 1998, kwetu Likasi. Tulikaa katika nyumba ya vyumba viwili pamoja na watoto wanne. Bwana wangu alifanya kazi ya zamu ya usiku, na alikuwa amekwisha kuondoka. Nilikuwa ninapika bukari. Unga ulikuwa ule wa mwisho, na sombe ilitosha sisi wenyewe tu, tena kwa shida.

Nikasikia: "Odi!" Nilitambua sauti. Ilikuwa ya mama mmoja wa Kambove, ambaye zamani tulikuwa tukisali pamoja. Nikatazama chungu, nikatazama watoto. Halafu nikamwita binti yangu wa miaka mitano, nikamwambia polepole: "Wende umuambie mama haiko."

Mtoto akaenda. Akafungua mlango, akasema kwa sauti safi: "Mama anasema ya kama haiko."

Kukawa kimya. Kisha yule mama akajibu: "Basi, umusalimie." Nikasikia miguu yake ikienda. Tulikula, lakini chakula kile hakikupita vizuri kooni mwangu.

Kesho yake nikapata habari. Mtoto wake alikuwa amelazwa hospitalini, na yeye alilala usiku ule juu ya sima ya baraza, kama wanavyolala wengi wenye kulinda wagonjwa. Nikapika uji, nikaenda kumwomba musamaha. Hakunigombeza hata kidogo. Alisema tu: "Mama, mimi nilikuwa na mkate katika kikapo. Sikuja juu ya chakula. Nilitafuta maji ya kuoga na mtu wa kusali naye."

Mtoto wake alipona, asante kwa Mungu. Lakini kwangu jambo halikuishia pale. Siku chache nyuma yake, mtu mwingine akapiga odi. Binti yangu akakimbia jikoni, akaniuliza bila ubaya wowote: "Mama, leo uko ao hauko?"

Ndipo nikajua nilikuwa nimemfundisha nini.

Wandugu, kwa nini tunafunga mlango? Si kwa sababu tuna roho mbaya. Mara nyingi ni haya. Tunaogopa mgeni aone chungu chetu.

Na huku kwetu kwenye migodi haya hii ina mizizi yake. Kijijini kulikuwa na shamba. Mgeni akifika, unachimba muhogo mwingine. Wazee wetu walipokaa katika makamponi ya Union Minière, kampuni iliyoanza mwaka 1906, nyumba zilihesabiwa na posho ilihesabiwa: ya mfanyakazi, ya mke wake, ya watoto wake. Mgeni hakuwa na posho. Kisha mambo yakageuka tena. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari, na nyumba nyingi zikajifunza kununua unga kipimo kwa kipimo. Mutu anayenunua unga wa leo kwa leo, akisikia odi saa ya kula, moyo wake unaruka. Ninaelewa. Nilikuwa mutu yule.

Lakini tusidanganyane: mlango unaozoea kufungwa kwa jambo dogo utafungwa pia siku ya jambo kubwa. Tuliokuwa Likasi ao Kolwezi katika miaka ya 1992 na 1993 tunakumbuka namna watu wenye asili ya Kasai walivyofukuzwa, wakalala kwenye gare siku nyingi na watoto wao wakingoja treni. Walikuwa majirani zetu. Kila mtu wa rika langu anajua moyoni mwake alifanya nini na mlango wake wakati ule.

Sasa tusome Maandiko tuone watu wenye kupokea wageni walifanya namna gani.

Mjane wa Sarepta (1 Wafalme 17) alikuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo, na aliokota kuni za kupikia chakula cha mwisho. Elia alipomwomba, hakujificha nyuma ya mlango. Alimwambia ukweli wote wa chungu chake. Kwanza ukweli, kisha mkate. Mimi nilikuwa na unga kumpita yeye. Kilichonikosekana ni ukweli.

Abrahamu (Mwanzo 18) aliona wageni watatu wakati wa jua kali. Akawakimbilia. Kabla ya nyama na mkate, alitaja maji ya kunawa miguu na kivuli cha kupumzikia. Maji na kivuli! Ni nani kati yetu hana hata hivyo?

Na mwanamke wa Shunemu (2 Wafalme 4), alipotaka kumtengenezea Elisha chumba kidogo, aliongea kwanza na bwana wake. Hakumletea mgeni kama jambo la kushtukiza. Ndani ya chumba waliweka kitanda, meza, kiti na taa. Hakuna kingine kilichotajwa.

Kwa hiyo, wapendwa, haya ndiyo ninayojaribu kufanya tangu wakati ule.

Kwanza, mgeni akipiga odi, ninajibu mwenyewe. Mtoto asitumwe kamwe kubeba uongo wa mzazi. Kiti kinatoka, maji yanatoka, tunauliza habari za safari na za kwao.

Pili, chakula kikiwa kidogo, ninasema: "Bukari iko kidogo leo, lakini tutakula wote." Hakuna mgeni mwenye akili aliyewahi kukasirika kwa neno hili. Wengine wanafungua kikapo chao na kuongeza.

Tatu, bwana na bibi wapatane mbele. Nani anaweza kulala kwetu, na siku ngapi? Kama baba anafanya kazi ya usiku na kulala mchana, mgeni aambiwe, apumzike chini ya muembe na wengine, baba apate usingizi. Kugombana chumbani huku mgeni anasikia ni kumfukuza bila kumfukuza. Mtume Petro pia alituonya tupokeane bila kunungunika (1 Petro 4:9).

Nne, upendo una macho. Kolwezi, Fungurume, Kasumbalesa, kila siku vijana wanafika kutoka mbali kutafuta kazi ya kuchimba, na wengine hawajui mtu hata mmoja. Si kila mama aliye peke yake usiku anaweza kumlaza mwanaume asiyemjua, na hakuna anayemdai hivyo. Umpe maji, umpe chakula kama kiko, kisha umpeleke kwa mzee wa kanisa ao kwa jirani ambaye bwana yuko nyumbani, na mkubwa wa kartie ajulishwe. Kumsindikiza mtu mpaka kwenye mlango mwingine, hiyo pia ni kumpokea. Na mgeni mwanaume asilazwe chumba kimoja na watoto wa kike, hata kama ni ndugu. Tusione haya kusema hivyo.

Ninyi wageni pia, neno moja. Wazee walisema mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huku mjini wengi hatuna shamba, lakini jembe haliko mbali: teka maji, nunua makala ukiwa na feza, beba mtoto ili mama wa nyumba apumue. Ukiona unga unaisha, usingoje kuambiwa.

Waebrania 13:2 inatukumbusha kwamba wengine walipokea malaika pasipo kujua. Mimi sisemi yule mama wa Kambove alikuwa malaika. Alikuwa mama mwenye mtoto mgonjwa, amechoka, ana vumbi miguuni. Ilitosha.

Binti yangu sasa ana watoto wake. Nikimpigia simu, mara nyingi anaanza hivi: "Mama, leo uko?" Tunacheka wote wawili. Mimi ninacheka, lakini si sana.

Ya kuongea nyumbani mwezi huu, baba, mama na watoto pamoja:

1. Ni mgeni gani tuliyemkwepa mwaka huu, na kwa nini?
2. Tukipata mgeni usiku wa leo, atalala wapi, na kwenye mkeka gani?
3. Kuna mtu tunayepaswa kumwendea kwa musamaha?

Mkae na amani. Tuonane mwezi ujao.