Ziwa Limechafuka, Mnafanyaje?

Katika hadithi ya jioni mtoto huitikia “Pakawa!” kisha husikiliza tu. Mzazi wa Kyela mwenye dadu ya ludo anaweza kuigeuza hadithi iwe mchezo. Watoto wawe wapiga kasia na wafinyanzi wa Ikombe, wakipeleka vyungu Matema kwa mtumbwi. Mzazi anasimulia: ziwa limechafuka, maji yanaingia. Mnafanyaje? Kila mmoja anaamua. Dadu inaonyesha kama amefaulu.

Kazi ipo: kupanga mikasa mapema, na kumsubiri mtoto mkimya bila kumpa jibu, huku mwili umechoka kwa shamba la mpunga. Lakini siku mkimya huyo atakaposema, “Tupeni vyungu, tuokoe watu,” usimkatize. Muulize kwa nini. Hapo utamjua mwanao.