Ndani ya sashe ya Plumpy'Nut: si protini tu inayomwinua mtoto wa Malemba-Nkulu

Sashe moja ina uzito wa gramu 92. Mtoto anaikata pembeni, au mama anamkatia, kisha anafyonza uji mzito wa kalanga wenye sukari. Hakuna kupika, hakuna kuongeza maji. Katika vituo vya afya vya teritware ya Malemba-Nkulu, jimbo la Haut-Lomami, kama kwingine nchini, wauguzi wanaiandika ATPE kwenye fishi. Wazazi wanasema tu “plumpy”.

Toka mwaka 2025, Marekani ilipovunja shirika lake la misaada USAID, swali la sashe hizo limekuwa zito. Mwishoni mwa Februari mwaka huo, mikataba ya viwanda viwili vya Marekani vinavyozitengeneza, Edesia wa Rhode Island na Mana wa Georgia, ilifutwa, kisha ikarudishwa siku chache baadaye. Tarehe 1 Julai USAID ikafungwa rasmi. Misaada iliyobaki inaelekea kwanza Goma, Bukavu na kambi za wakimbizi wa vita, na hilo linaeleweka. Lakini Haut-Lomami, jimbo ambalo halina kamera wala mstari wa mbele wa vita, linabaki mwishoni mwa foleni.

Ndipo wengi wanauliza: hii plumpy ina nini ambacho hakipo sokoni? Si ni kalanga tu? Na kama mtoto anakosa protini, kwa nini asipewe bare za protini zilizofungwa kwenye karatasi, zile wanazokula wanamichezo?

Jibu liko kwenye maandishi madogo nyuma ya sashe. Gramu 92 hizo zinatoa kilokalori 500. Protini ni karibu gramu 13, mafuta ni gramu 30. Ukifanya hesabu, zaidi ya nusu ya nguvu inatoka kwenye mafuta, na protini inatoa karibu asilimia 10 tu. Bare ya kawaida ya mwanamichezo, ya gramu 60, inaweza kuwa na protini gramu 20 na kilokalori 200 na kitu: karibu asilimia 40 ya nguvu yake ni protini. Imetengenezwa kwa mtu mzima mwenye shibe anayetaka misuli bila kunenepa. Mtoto wa kilo 7 aliyekonda anahitaji kinyume chake. Ini na figo zake zimechoka, hazistahimili mzigo mkubwa wa protini kwa mara moja, na bila mafuta ya kutosha mwili wake utachoma hiyo protini kama kuni. Tena bare nyingi hutiwa vitamu bandia kama maltitol, ambavyo hata mtu mzima vinamharisha.

Dunia ilichukua muda mrefu kulielewa jambo hili. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa kwashiorkor: mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinageuka rangi. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini dawa ni protini, na Umoja wa Mataifa ulitafuta kila aina ya unga wa protini. Hapa kwetu pia, huko Lwiro katika Kivu ya Kusini, watafiti waliuchunguza ugonjwa huo toka wakati wa ukoloni. Mwaka 1974 daktari Donald McLaren aliandika katika gazeti la tiba The Lancet kwamba mbio zile za protini zilikuwa kosa kubwa: watoto wengi walikosa chakula chenyewe, yaani nguvu, pamoja na madini na vitamini.

Plumpy'Nut ilizaliwa kutoka funzo hilo. Mwaka 1996 Mfaransa André Briend, daktari wa lishe ya watoto, pamoja na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset, walichukua maziwa ya tiba yaliyoitwa F-100, wakaondoa sehemu ya maziwa ya unga na kuweka kalanga iliyosagwa. Tofauti ya kweli na kalanga ya sokoni iko hapo. Sheria za kimataifa zinataka angalau nusu ya protini itoke kwenye maziwa, na kila gramu 100 iwe na potasiamu miligramu 1100 mpaka 1400, zinki 11 mpaka 14, sodiamu isiyozidi miligramu 290, pamoja na chuma na vitamini A. Kalanga ya shambani ina protini nyingi, gramu 25 hivi kwa kila gramu 100, ila haina vitamini A na potasiamu yake haifiki kiwango hicho. Bukari ya mihogo ndiyo maskini zaidi: unga wake una gramu moja au mbili za protini kwa gramu 100, na ukishapikwa unajaa maji. Tumbo la mtoto mdogo linajaa kabla mwili haujapata kitu.

Kuna jambo lingine ambalo mkaaji wa Malemba-Nkulu ataliona haraka kuliko daktari wa Ulaya. Unyevu wa sashe hauzidi asilimia 2.5, kwa hiyo vijidudu haviwezi kuzaliana ndani yake hata ikifunguliwa asubuhi na kumalizwa jioni. Maziwa ya F-100 yalihitaji maji safi, jiko na kitanda cha hospitali. Kando ya Lualaba na maziwa ya Upemba, ambako kolera inarudi mwaka baada ya mwaka, kumpa mtoto dhaifu unga wa kukorogwa na maji ya mto ni kumtafutia kifo. Mtoto wa plumpy bado anahitaji maji ya kunywa, na maji hayo lazima yachemshwe au yatiwe dawa. Ila tiba yenyewe inaweza kufanyika nyumbani.

Lakini samaki je? Mto umejaa. Ndakala waliokaushwa wana protini kuliko hiyo sashe mara nyingi. Kwa mtoto mwenye afya, kijiko cha ndakala waliosagwa ndani ya uji, mafuta ya mawese kidogo na sombe ni msaada mkubwa, na wauguzi wanafanya vizuri kuwafundisha wazazi hivyo. Shida ni kwamba samaki mzuri wa Upemba anapanda boti kwenda Bukama, kisha Lubumbashi, kwa sababu mvuvi anahitaji franka za sabuni, shule na dawa. Na kwa mtoto ambaye mkono wake uko chini ya milimita 115, ndakala wamechelewa. Huyo anahitaji tiba. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka ATPE kwenye orodha ya dawa za lazima.

Hapa ndipo lawama zinapaswa kugawanywa vizuri. Si siri kwamba sashe hizi zinaonekana kwenye meza za wauzaji katika masoko ya nchi yetu, na kwamba nyumbani sashe ya mgonjwa inagawanywa kwa ndugu zake wanne. Ni rahisi kumlaumu mama. Ila mama anayegawa sashe anasema kitu kimoja wazi: hao wanne pia wana njaa. Uchunguzi wa taifa wa 2013-2014 ulikuta asilimia 43 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na ule wa 2017-2018 ukakuta asilimia 42. Plumpy haikutengenezwa kwa ajili ya kudumaa, na haitakuponya.

Njia za kubana matumizi zipo. Katika zone ya afya ya Kamuesha, Kasai, shirika la ALIMA lilijaribu kupunguza idadi ya sashe kadiri mkono wa mtoto unavyonenepa. Matokeo yaliyotolewa 2022 yalionyesha watoto hawakupona vibaya kuliko wa mpango wa kawaida, na sashe zilizotumika zilikuwa chache. Kuzitengeneza hapa pia si ndoto: Lubumbashi imewahi kuwa na kiwanda, Amwili, ndani ya mtandao wa Nutriset. Lakini maziwa ya unga yanatoka ng'ambo, na kalanga yetu lazima ipimwe sumu ya ukungu, aflatoksini, kabla ya kusagwa.

Hesabu ya mwisho ni ya katoni. Mtoto wa kilo 7 anahitaji sashe mbili na nusu mpaka tatu kwa siku, kwa wiki sita mpaka nane. Katoni moja ina sashe 150 na inagharimu karibu dola 50 kabla ya usafiri. Kwa hiyo katoni moja, mtoto mmoja. Kutoka Lubumbashi inapanda treni mpaka Bukama, inashushwa, inapakiwa kwenye boti, na inashuka Lualaba.