Msomi Anapotia Chumvi

Mwishoni mwa Juni 2024 Wakenya walipewa hesabu tatu za wafu. Rais William Ruto, akihojiwa na wanahabari Ikulu tarehe 30, alitaja watu 19. Kesho yake Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ikasema ni 39 tangu tarehe 18, maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha yalipoanza. Mitandaoni ilivuma hesabu ya tatu: mamia, tena mtaa wa Githurai peke yake, usiku mmoja. Pale Dagoretti Corner jijini Nairobi, Barabara ya Ngong inapokutana na ile ya Naivasha, ungeweza kuzisikia zote tatu kabla matatu ya 111 haijajaa. Ukishasikia namba, umeshajua msemaji anamuunga mkono nani.

Hesabu ya mamia haijathibitishwa. Kijana aliyepigwa bomu la machozi akiisambaza simlaumu sana. Hofu haina mizani. Ninayemdai ni msomi, yule aliyefunzwa kupima ushahidi kisha akachagua upande. Kuchagua upande si kosa. Katika nchi hii anayejigamba kwamba hana upande mara nyingi huwa ana upande wa aliyemwajiri. Suala ni je, haki anayoipigania inampa ruhusa ya kutia chumvi?

Jina Dagoretti lenyewe lina kisa cha namna hiyo. Oktoba 1890 Frederick Lugard, akiitumikia kampuni ya Kiingereza ya IBEA, alijenga ngome Dagoretti baada ya kuafikiana na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu. Haikuwa hapa penye Corner hasa, na haikudumu: watu wa kampuni walipora vyakula na mifugo, wenyeji wakaasi, na mwaka uliofuata ngome ikaachwa. Waiyaki aligombana na maafisa kwenye ngome ya pili, Fort Smith, mwaka 1892. Akajeruhiwa kichwani, akafungwa, akaanza kupelekwa Pwani, akafa njiani Kibwezi. Hayo yanajulikana. Vizazi vilivyofuata vikasimulia kwamba alizikwa angali hai, kichwa kikielekezwa chini. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliuingiza uvumi huo katika riwaya yake ya 1967, A Grain of Wheat, na mtunzi wa riwaya ana haki hiyo. Mwalimu wa historia hana. Tena haihitaji: mzee aliyepasuliwa kichwa akafia mikononi mwa waliomteka ni hatia tosha.

Kisa kizito zaidi ni cha Mau Mau, vita vya kupinga ukoloni wa Waingereza. Mwaka 2005 Caroline Elkins wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa kitabu kuhusu kambi za kizuizini za Waingereza, kikapata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Alisikiliza mamia ya wazee, na kwa hilo tunamshukuru. Lakini kwa kulinganisha sensa ya 1948 na ile ya 1962 alisema Wakikuyu kati ya 130,000 na 300,000 hawajulikani walikoishia. Mwaka 2007 John Blacker, mtaalamu wa takwimu za idadi ya watu aliyewahi kufanya kazi Kenya, akazipitia sensa hizohizo. Alikadiria vifo vya ziada kuwa takriban 50,000, zaidi ya nusu yao watoto wasiofika miaka 10.

Hebu itazame namba hiyo ya pili. Inatuelekeza kwenye vijiji vya kulazimishwa, ambako njaa na maradhi viliua wasioshika panga wala bunduki. Namba kubwa iliwaficha watoto hao, na papo hapo ikawapa watetezi wa ukoloni kazi nyepesi: kubishania hesabu badala ya kujibu mashtaka.

Kilichoishinda serikali ya Uingereza mahakamani si ile namba. Wazee walionusurika kambi hizo walipofungua kesi London mwaka 2009, wanahistoria David Anderson, Huw Bennett na Elkins mwenyewe walitoa ushahidi wao, na kutokana na msukumo wa kesi hiyo yakajitokeza mafaili yaliyohamishwa kutoka Nairobi wakati wa uhuru na kufichwa Hanslope Park, Uingereza. Humo mlikuwa na barua ya mwaka 1957 ambamo mwanasheria mkuu wa koloni alimshauri gavana kwamba, ikiwa ni lazima watende dhambi, waitende kimyakimya. Juni 2013 waziri William Hague alisimama bungeni akatangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Kumbuka pia Hola. Tarehe 3 Machi 1959 walinzi waliwapiga wafungwa wa kambi hiyo ya Tana River hadi wakafa 11. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha. Julai mwaka huo Enoch Powell, mbunge wa chama tawala, mtu ambaye hakuna anayeweza kumwita rafiki wa Mwafrika, alisimama Westminster akaishambulia serikali ya chama chake kuhusu wafu hao. Kumi na mmoja tu, ila kila mmoja alikuwa na ripoti ya daktari.

Upo wajibu mwingine ulio mchungu zaidi: kusema yale ambayo upande wako ulitenda. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walishambulia Lari, wakaua watu zaidi ya 70, wengi wao wanawake na watoto. Walinzi wa serikali nao wakalipiza kisasi kwa mauaji ambayo huenda yaliwazidi hao kwa idadi. Wakoloni walitangaza sehemu ya kwanza; baadhi ya wasomi wetu wa mrengo wa kushoto waliipenda ya pili pekee. Marehemu Profesa Bethwell Ogot alipohakiki vitabu vya Elkins na Anderson mwaka 2005, alilalamika kwamba ukatili wa wapiganaji umepitwa juujuu. Wapo walioona anawasaidia Waingereza. Mimi naona alikuwa akifanya kazi yake.

Nasema hivi bila kumdharau Maina wa Kinyatti, mwanahistoria wa mrengo huo, ambaye sikubaliani naye anapowaita wanahistoria waliompinga vibaraka. Alifungwa miaka sita kuanzia 1982 chini ya utawala wa Rais Moi, kwa karatasi iliyodaiwa kuwa ya uchochezi, wakati wengi waliokuwa makini na tanbihi zao walinyamaza. Nyimbo za Mau Mau alizozikusanya zingeweza kupotea. Ujasiri wake hauna shaka. Ila ujasiri hauthibitishi hoja, na jela haimgeuzi mpinzani wako kuwa mwongo.

Litakuja jibu kwamba dola ina polisi, vyumba vya maiti na msemaji wa kulipwa. Kwamba kumtaka mnyonge ahesabu kwa makini ni kumfunga mikono. Hoja hii ina uzito. Dola ndiyo inayoficha miili, kisha inadai ushahidi. Lakini rais aliyetaja 19 hakupingwa na uvumi wa mamia. Uvumi ulimfaa, kwani aliweza kuuonyesha kidole. Aliyembana ni KNCHR kwa 39 yake.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wahadhiri wa Kampasi ya Kenya Science hapo karibu na Corner, kwa mawakili, na kwa wachambuzi wenye wafuasi maelfu mitandaoni. Safari nyingine risasi zikilia, kabla ya kutangaza namba andikeni jina la kila aliyeuawa, umri, mtaa, hospitali alikopelekwa na saa aliyopokewa. Na mkigundua kwamba mmoja wa mliomwandika yuko hai, mtangazeni siku hiyohiyo, hata kama serikali itashangilia.