Amejifungua, Wamemfungia

Mwanamke anayezuiwa kutoka materniti kwa sababu hajamaliza kulipa ni mfungwa. Hakuiba, hakupigana, hakushtakiwa popote. Amezaa. Kidonda cha kupasuliwa hakijakauka, na mlinzi wa getini ameshaambiwa asimruhusu kupita. Wenzake waliolipa wanarudi kwao kwa vigelegele, wamemwagiwa poda kichwani. Yeye anamsubiri mume aliyekwenda kukopa.

Mwaka 2018 waandishi wa Associated Press walitembelea hospitali na zahanati zaidi ya 20 za Lubumbashi, hapa kwetu Kongo, wakakuta karibu zote zina desturi hii. Sisi wa Kolwezi hatukushangaa, na hilo ndilo la kutuaibisha.

Kufungiwa ni mwisho tu wa ukatili ulioanza chumba cha uzazi. Mama analia kwa uchungu, anaulizwa kama alilia hivyo siku ya kupata mimba. Anapigwa makofi ya mapaja ili asukume. Anashonwa bila ganzi. Anapasuliwa bila kuelezwa kwa nini. Akitoka hai na mtoto wake, majirani wanamwambia amshukuru Mungu na anyamaze. Kumshukuru Mungu ni sawa. Kunyamaza kwa nini?

Kifungu cha 18 cha Katiba yetu ya 2006 kinakataza polisi kumshikilia mtu zaidi ya saa 48: aachiwe, au apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria. Jambazi ana saa 48. Mzazi hana hata hizo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1976 ikiitwa Zaire, unakataza katika kifungu cha 11 kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Basi mkurugenzi wa hospitali anayefunga geti amepata wapi mamlaka ambayo hata hakimu hana?

Kenya walikwenda mahakamani. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba wanawake wawili waliozuiwa kwa sababu ya deni katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, walivunjiwa haki zao, akaamuru walipwe fidia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 mama aliyezalia sakafuni katika hospitali ya serikali, kisha akapigwa na kutukanwa na wauguzi. Haki walizozitetea majaji wale zimo pia katika sheria zetu.

Najua jibu la wakubwa wa hospitali: serikali haitupi kitu, wauguzi wengi hawamo kwenye orodha ya mishahara, wanaishi kwa pesa ya mgonjwa. Ni kweli, na muuguzi asiyelipwa anaonewa naye. Lakini njaa yake imesababishwa na serikali, na anayefungiwa ni mama wa watu. Nani amewahi kumfungia waziri?

Tena tusiambiwe habari ya umaskini hapa Kolwezi, pembeni ya shimo la Mashamba linalotoa shaba na kobalti ya kupelekwa ng'ambo. Tangu mwisho wa 2018 kobalti ni madini ya kimkakati, na mrabaha wake ni asilimia 10. Kwa sheria ya madini, asilimia 25 ya mrabaha ni ya jimbo, na asilimia 15 ni ya mamlaka ya eneo ulipo mgodi. Juu ya hapo kampuni hutakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Wanawake wetu wanalipia madini haya kwa miili yao: Machi 2024 mashirika ya RAID na AFREWATCH yalichapisha ripoti ya vijiji vinavyozunguka migodi, na zaidi ya nusu ya waliohojiwa walisema maji machafu yameathiri afya ya uzazi ya wanawake na wasichana. Anakunywa uchafu wa mgodi akiwa na mimba, akizaa anafungiwa kwa kukosa pesa!

Septemba 2023 Rais Tshisekedi alizindua Kinshasa mpango wa kuzaa bila malipo. Popote ulipofika, orodha ya huduma za bure ibandikwe mlangoni pa kila materniti. Popote ambapo haujafika, mrabaha ulipe.

Mama Gavana Fifi Masuka, andika amri: hakuna mzazi wala kichanga atakayezuiwa hospitalini katika jimbo letu la Lualaba kwa sababu ya deni, na atakayemzuia ashtakiwe. Nawe msomaji, ukisikia binti wa jirani amezuiwa, usiishie kumchangia pesa. Nendeni wengi mpaka getini, na wakili akiwepo, mdai atoke siku hiyo hiyo. Deni lake lidaiwe baadaye kwa karatasi, kama wanavyodaiwa matajiri.