Ada ya Tumaini Iringa ililipwa na viazi

Kuna stori moja nimeichoka, na leo naitolea uvivu. Kaa na watu wanaojiita wasomi, iwe Njombe mjini au stendi ya Makambako mkisubiri basi la Songea, halafu mazungumzo yafike kwenye Chuo Kikuu cha Iringa (wengi wetu bado tunakiita Tumaini). Utaambiwa hivi: askofu alikuwa na maono, Wazungu wa Minnesota wakaleta hela, chuo kikasimama. Basi, historia imeisha.

Sibishi kwamba askofu alikuwepo. Owdenburg Mdegella wa KKKT Dayosisi ya Iringa alikipigania chuo kile, na mwenye macho anaona. Sibishi pia Minnesota: urafiki wa Bega kwa Bega kati ya dayosisi hiyo na Sinodi ya Saint Paul ulianza 1987 na umesaidia wengi. Ninachobisha ni hesabu. Jamani, nani alilipa ada?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1969 serikali ilipitisha sheria na kuzichukua shule za misheni. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, ukimaliza kidato cha sita unaambiwa ukafanye kazi kwanza, chuo kikuu baadaye. Mpaka miaka ya 1990 inaanza, kijana wa Njombe aliyetaka digrii hapa nchini alikuwa na Mlimani, alikuwa na Sokoine, na Chuo Kikuu Huria ndiyo kwanza kilitungiwa sheria 1992. Nafasi zilikuwa za kuhesabu. Mwaka huohuo wa 1992 serikali ikatiliana saini na makanisa makubaliano ya huduma za jamii (walewale walionyang'anywa shule wanaitwa tena, wasaidie!), na mwaka 1995 sheria ya elimu ikarekebishwa, likaanzishwa Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu. Ndani ya upepo huo ndipo chuo cha Iringa kilipozaliwa, kidogo kabisa, kisha kikaingia chini ya mwavuli wa Tumaini pamoja na Makumira na KCMC.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo wanapopita haraka. Chukua nyumba moja ya Makambako yenye vijana wawili. Mmoja kachaguliwa Mlimani, serikali inabeba sehemu kubwa ya gharama zake. Mwenzake kaenda Iringa, serikali haimjui. Wote Watanzania, baba yao anakatwa kodi ileile. Mpaka Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi Julai 2005, kwa sheria ya 2004, mwanafunzi wa chuo binafsi alikuwa mzigo wa ukoo wake. Ni zaidi ya miaka kumi hiyo!

Na ukoo wenyewe ni upi? Ni watu wa viazi na mahindi, wa pareto ya milimani, wa mbao za misonobari, wa vibarua kwenye chai ya Lupembe. Njombe ilikuwa bado wilaya ndani ya Mkoa wa Iringa (mkoa wake imepata 2012), kwa hiyo chuo kile kilikuwa cha mkoani kwetu hasa. Ng'ombe anauzwa, shamba la miti linakatwa kabla halijakomaa, wajomba wanaitwa kikao, muhula unalipwa. Muhula unaofuata, kikao kingine. Mfadhili akijenga bweni, jina lake linapigwa rangi ukutani. Aliyeuza ng'ombe ukuta wake uko wapi?

Halafu anatokea mtu na miwani yake anasema kile kilikuwa chuo cha walioshindwa kuingia Mlimani. Kaka, mlango ukiwa mwembamba kuliko foleni, anayebaki nje ameshindwa nini? Ni nadra uingie chumba cha habari Dar ukose mtu aliyepita Iringa. Kawaulize hao kama walisoma kwa huruma ya mtu.

Kwa nini nang'ang'ana na mambo ya zamani? Kwa sababu historia ndiyo inayoamua nani akae mezani. Tukiamini kwamba vyuo vya makanisa vimejengwa na maaskofu na wafadhili tu, basi maamuzi yatakuwa ya maaskofu na wafadhili tu, na mzazi akiuliza ada imepanda kwa nini ataambiwa hii ni mali ya kanisa. Kanisa ni nani kama si yeye? Mimi nasema bila kupepesa: wazazi na waliosoma pale wawe na viti kwenye mabaraza ya vyuo hivi, hesabu zibandikwe hadharani kila mwaka, na vitabu vya historia vya chuo vianze na waliolipa. Kama hilo linawaudhi wakubwa, poleni sana.

Chuo Kikuu cha Iringa kimekuwa na jina lake chenyewe tangu 2013. Wazazi wa kundi la kwanza ni wazee sasa, wengine tumeshawazika. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, ukienda likizo Ilembula, Lupembe au Makambako, fungua lile sanduku chini ya kitanda cha mzee. Stakabadhi za ada za kabla ya 2005 zimo. Zipige picha, umuulize kila moja aliuza nini, uandike.